Swali la Mama wa Kadi

Kwetu Embu mtu huokoka mara moja, na inatosha. Mimi niliokoka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kanisani, nikiwa darasa la saba, na mama yangu alilia kwa furaha. Mara ya pili ilikuwa chuoni, mbele ya kompyuta kuukuu, nilipofahamu kwamba kuna programu ambazo maandishi yake ya ndani yameachwa wazi, na mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kumpa mwenzake bila kuomba ruhusa ya mtu. Programu huria. Siku hiyo hakuna aliyelia, lakini nilianza kuhubiri na sijanyamaza hadi leo.

Nilihubiri kwenye shule za kutwa, kwenye ofisi za ushirika wa kahawa, kwa makarani wa kanisa na wenye vibanda vya kuchapa barua. Nina ulimi mwepesi na hasira za karibu. Mtu akiniambia "rahisi ghali" nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Wengi walinisikiliza kwa heshima, wakanishukuru, kisha wakaendelea na zile programu za wizi walizowekewa na fundi wa mtaani, pamoja na virusi vyake. Nilikuwa naona watu hawa ni wagumu wa kuelewa. Sikuwaza hata siku moja kwamba mgumu anaweza kuwa ni mhubiri.

Aliyenifundisha ni mama mmoja wa Meru ambaye hakuwahi kushika kompyuta mpaka nilipomletea. Aliniomba nisimtaje jina, na nimetii. Nitamwita mama wa kadi, kama wagonjwa walivyomwita. Ninayoandika hapa ni shukrani zangu kwake, ingawa kwanza itabidi nikiri kosa.

Kulikuwa na kituo kidogo cha afya cha kanisa, vyumba vitano na tangi la maji, mahali penye upepo wa mlima kati ya mashamba ya viazi. Kutoka Makutano ulichukua barabara ya Kiirua, kisha ukaacha lami na kuendelea kwa miguu. Mama wa kadi alikaa kwenye dirisha la kituo hicho, mahali mgonjwa anapofika kwanza. Ukifika alikutazama usoni kidogo, akageuka nyuma, akatoa kadi yako. Hakuuliza jina. Kadi zilijaa rafu tatu za mbao, zimefungwa vifungu vifungu kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu za baiskeli.

Nilipoziona mara ya kwanza nilicheka. Hazikupangwa kwa herufi. Kifungu kimoja kilikuwa na majina ya A, ya M na ya K, yamechanganyika kama mahindi na maharagwe ya githeri. Nilimuuliza anatumia mpango gani, akaniambia kila mpira ni nyumba moja, na nyumba ni mama. Mzee akiwa na wana watatu waliooa, mipira ni mitatu. Nilitikisa kichwa kama daktari aliyeona ugonjwa mbaya.

Kamati ya kituo ilikuwa imeniita niwaeleze habari za programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kuuliza maswali kwa upole mpaka ujikwae mwenyewe. Aliuliza ni nani anayetoa kitu kizuri hivyo bila malipo, na anataka nini kwetu. Nilimjibu kwa saa nzima. Niliwaambia imeandikwa na watu wa nchi nyingi, kwamba inatumika katika hospitali kubwa na ndogo, kwamba hakuna tajiri wa ng'ambo atakayewafungia mlango siku wakichelewa kulipa. Halafu, kwa kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikaongeza neno ambalo hakuna aliyeniuliza. Nilisema mwaka ukiisha hawatahitaji tena mtu wa dirishani.

Mama wa kadi alikuwa ndani ya chumba kile kile, akitugawia chai. Alinifikia, akanimiminia, akaniuliza sukari ni vijiko vingapi. Nilisema viwili. Akatia viwili, akakoroga, akaenda kwa anayefuata. Kamati iliandika kwamba tutajaribu kwa miezi michache, kisha waamue mambo mawili: kama programu inabaki, na kama mama huyo anaenda nyumbani.

Tulianza kazi. Wasichana wawili wa kwaya waliojua kuchapa waliingiza kadi zote, kifungu baada ya kifungu, na mama wa kadi akawasomea mwandiko wa madaktari ambao hakuna mwingine aliyeuweza. Sijui kwa nini alikubali kutusaidia kujichimbia kaburi. Alinitania tu. Aliniita Muembu, na akasema sisi watu wa muguka tuna haraka, maana majani ya muguka ukiyatafuna hupanda kichwani mara moja, lakini wao watu wa miraa hutafuna polepole na kufika mbali zaidi. Nilimwambia yeye ni mzee wa kanisa na hajui ladha ya vyote viwili. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

Kadi zilipokwisha tulizitia kwenye masanduku, tukayafungia stoo. Nilibaki na kazi moja ya mwisho. Programu ilikuwa imetoa orodha ya watu waliofanana, ikishuku kwamba mtu mmoja ameandikwa mara mbili. Kila wawili ilikupasa uwatazame, na kama kweli ni mmoja, uchague rekodi ya kubaki. Orodha ilikuwa ndefu kuliko nilivyotarajia. Niliisafisha asubuhi moja, nikijivunia wepesi wa vidole vyangu. Majina matatu yakifanana, kijiji kimoja, mwaka mmoja wa kuzaliwa, simu moja, nilibaki na rekodi yenye maandishi mengi na kufuta nyingine. Sikusoma kila nilichofuta.

Ni kosa ambalo mgeni kutoka ng'ambo angeweza kusamehewa. Mimi siwezi. Huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Meru hata Embu, mtoto hupewa jina la babu au nyanya. Ndugu wawili wakizaa binti kila mmoja, wote wawili huitwa jina la mama wa baba zao, mara nyingi pamoja na lile la ubatizo, na wote hubeba jina la ukoo lile lile. Mimi mwenyewe nina binamu wawili tunaoitwa sawasawa. Tukiitwa kwenye arusi tunageuka watatu. Nililijua hili tangu nikiwa mgongoni mwa mama, na nilipokaa mbele ya kompyuta nikalisahau kana kwamba kompyuta ni nchi nyingine.

Siku chache baadaye alifika msichana wa miaka kama kumi na tisa, amejikata mguu kwa jembe na kidonda kimevimba. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mama wa kadi, nikimwonyesha jinsi ya kutafuta jina. Tulilipata mara moja, nikafurahi. Msichana akaingia kwa daktari. Daktari alimuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, akasema hapana. Akatazama rekodi, haikuwa na onyo lolote, akamwandikia sindano ya penisilini. Msichana akatoka na karatasi yake, akapita mbele ya dirisha akielekea chumba cha sindano.

Mama wa kadi alimwomba ile karatasi. Aliisoma, akamtazama msichana, akaisoma tena. Goti lake lilikuwa bovu na kwa kawaida aliinuka kwa awamu, kwanza mkono mezani, kisha pumzi, kisha mwili. Siku hiyo sikuona awamu. Nilimwona tu yuko mlangoni mwa chumba cha sindano.

"Sista, weka hiyo sindano chini," alisema. "Huyu ni binti wa yule ndugu mkubwa, si yule binamu yake. Hiyo dawa karibu imumalize akiwa mtoto."

Daktari alikuja, akasema kompyuta haionyeshi kitu. Mama wa kadi hakubishana naye wala hakunitazama. Aliomba ufunguo wa stoo. Nilimfuata. Alifungua sanduku la pili, akaingiza mkono, akatoa kifungu kimoja kana kwamba anatoa chumvi jikoni kwake. Ndani yake kulikuwa na kadi ya mtoto wa miaka mitatu, na juu yake mstari wa wino mwekundu, mwandiko wake mwenyewe. Yule nesi aliyemdunga mtoto siku zile alikuwa amehama zamani. Nyanya aliyemlea, ndiye aliyejua habari hiyo, alikuwa amezeeka na kusahau. Msichana mwenyewe hakuwahi kuambiwa jina la dawa. Duniani kulikuwa na vitu viwili tu vilivyokumbuka, ile kadi na mama yule.

Cha tatu kilikuwa ile rekodi niliyoifuta.

Msichana alipewa dawa nyingine, akaenda nyumbani akichechemea, bila kujua lililompita. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji. Nitasema kweli: kwanza nilikasirika. Nilimkasirikia msichana kwa kuwa na jina la binamu yake. Nikamkasirikia aliyetunga ile orodha ya wanaofanana. Nikawakasirikia wazee wote wa mlima huu na majina yao machache. Hasira ilipokwisha nilibaki mimi peke yangu, na hapo nikalia.

Mama wa kadi alinikuta hapo na kikombe cha chai. Vijiko viwili. Aliegemea tangi kupumzisha goti, akataka nimweleze mashine iliamuaje kwamba wale wawili ni mmoja. Nilimweleza: majina matatu, kijiji, mwaka, na ile namba ya simu, ambayo ilikuwa ya nyanya yao na wajukuu wote waliitoa. Alicheka. Alisema kwa hesabu hiyo nusu ya tarafa ni mtu mmoja. Halafu akaniuliza swali.

"Na haiwaulizi mama yao alitoka kwa nani?"

Nilimwambia haiulizi hivyo.

"Sasa itajuaje watu?" akasema, bila dharau, kama mtu anayetaka kweli kujua.

Hapo ndipo nilipoielewa ile mipira ya baiskeli. Majina ya wana wa mzee mmoja hurudi yale yale, lakini wake zao hutoka kila mmoja kwao. Ukimjua mama na nyumba alikozaliwa, hutachanganya watoto kamwe. Yule mama alikuwa amepanga wagonjwa kwa kitu pekee ambacho huku hakijirudii, na mimi nilikuwa nimemletea mpango wa mahali ambapo kila mtu ana jina lake.

Kamati ilikuwa ikae Alhamisi. Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilijua kwamba nikisema ukweli, programu itatupwa nje na mahubiri yangu yote ya Meru yatakuwa yameishia hapo. Nikinyamaza, programu ingebaki na mama wa kadi angeondoka, na siku ingefika ambapo hakuna wa kuinuka kwenye kile kiti. Pia nilijua anaweza kunishtaki mwenyewe, na angekuwa na haki. Asante ya punda ni mateke, na mimi nilikuwa nimempiga teke mbele ya kamati nzima huku nikinywa chai yake.

Alhamisi tulimkuta mgeni, muuzaji kutoka Nairobi mwenye tai na kompyuta nyembamba, amekuja kuonyesha programu ya kulipia. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Nilipopewa nafasi nilisimama na kueleza kila kitu: orodha, haraka yangu, rekodi niliyofuta, mguu wa yule msichana, sindano. Mwenyekiti alivua miwani. Muuzaji akaandika kitu kwenye daftari lake. Mmoja wa wanakamati akasema yeye alisema tangu mwanzo kwamba cha bure kina kasoro.

Ndipo mama wa kadi akaomba ruhusa ya kusema. Aliweka birika mezani kwanza.

"Hiyo mashine haikukosea," alisema. "Haikuambiwa ya kuuliza, ndiyo maana. Mimi nilikuwa najua ya kuuliza, lakini hakuna mtu aliniuliza."

Akamgeukia muuzaji, akamuuliza kwa adabu kama programu yake inaweza kuongezwa swali moja, kuhusu mama wa mgonjwa na kwao alikozaliwa. Muuzaji alisema ataandikia makao makuu, lakini kwa uaminifu hawezi kuahidi, kwa kuwa ile programu ni moja kwa wateja wote. Mama wa kadi akanigeukia mimi. Nilimwambia yetu iko wazi, naweza kuanza kesho.

"Basi tumwache huyu Muembu amalize," akasema, "na mimi nikae karibu naye, asiharakishe."

Mwenyekiti alivaa miwani yake. Programu ilibaki, na kiti cha dirishani kikabaki na mwenyewe. Sijawahi kutetewa namna ile na mtu niliyemkosea namna ile.

Tulirudisha masanduku kutoka stoo. Mipira ilikuwa bado imeshika. Tulipitia wote niliowaunganisha, yeye akisema hawa ni wawili, huyu ni mmoja kweli, hawa ni wawili na mmoja ameolewa Nkubu. Nilirudisha kila rekodi kutoka nakala ya akiba. Kisha nikaandika lile swali ndani ya programu, na kanuni ya kwamba wawili wasihesabiwe mmoja mpaka nyumba za mama zao zilingane. Mimi si fundi mkubwa wa kuandika programu. Ilinichukua majaribio mengi, na yeye alikaa kando na kitambaa chake cha kushona, akiniuliza kila baada ya muda kama imekubali.

Ilipokubali niliituma kwa wale wanaoitunza, watu nisiowajua, waliotawanyika duniani. Waliijadili. Mmoja aliuliza kuna haja gani. Nilimwandikia habari ya jembe na sindano, na ya mipira. Mwanamke mmoja kutoka nchi ya mbali, nchi ya milima nayo, aliandika kwamba kwao pia wajukuu hurithi majina na kwamba wamelia na tatizo hilo kwa muda mrefu. Walinirekebishia makosa kadhaa kwa upole ambao sikuustahili, wakaipokea. Waliuliza mchango uandikwe kwa jina la nani. Mama wa kadi alikataa jina lake kabisa. Alisema waandike "Dirisha la kadi, Meru." Ndivyo ilivyoandikwa, na iko hapo hadi leo.

Alikaa dirishani mpaka umri wake wa kustaafu ulipofika kwa njia ya kawaida. Alimfundisha mmoja wa wale wasichana wa kwaya, akarudi kwenye viazi vyake. Mimi naendelea kuhubiri, ila nimebadilisha mahubiri. Nikifika ofisi mpya sifungui kompyuta siku ya kwanza. Natafuta mtu aliyekaa pale muda mrefu kuliko wote, naomba kiti karibu naye, na namuuliza huwa anauliza watu nini.

Majuzi nilienda kliniki moja mjini Embu, koo ikiniuma. Kijana wa mapokezi aliandika majina yangu, mwaka wangu, simu yangu. Kisha akasoma kwenye skrini, bila kuinua macho, akaniuliza mama yangu alitoka kwa nani.

Mama yangu alifariki miaka michache iliyopita. Alitoka Mbeere, kwenye joto na pojo, akaolewa Embu, na tangu tumzike sikuwahi kulitamka jina la baba yake mbele ya mtu yeyote. Nililitamka pale kaunta. Kijana aliliandika, akaniambia nikae kwenye benchi. Nilikaa, na haikuwa koo tu iliyoniuma.

Nilimpigia mama wa kadi simu pale pale. Nilimwambia swali lake limefika Embu. Nikasikia kuku wake nyuma.

"Hata nyinyi watu wa muguka mnaulizwa?" akasema.

Nikamwambia hata sisi. Nikamshukuru, kwa maneno mengi yasiyo na mpangilio, kwa ajili ya msichana yule, na ya Alhamisi ile, na ya vijiko viwili. Aliniacha nimalize. Kisha akasema amekumbuka jambo la aibu: muda wote ule tuliokaa pamoja dirishani, mimi hakuwahi kuniuliza.

"Mama yako alitoka kwa nani?" akasema. "Ngoja kwanza, nichukue kalamu."